Mkanda wa Tano Kabla ya wa Nne

Shangazi yangu alifanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba kisicho na dirisha la nje. Kilikuwa juu ya ukumbi wa sinema. Unapanda ngazi ya chuma yenye vidato kumi na saba, unainama mlangoni, na ukishaingia unakuta mashine mbili za kuonyeshea picha, zenye joto kama tanuri, meza ya kuunganishia mikanda iliyokatika, ndoo ya mchanga kwa ajili ya moto, na vitundu viwili ukutani: kimoja cha kupitisha mwanga, kingine cha jicho la mtu. Watu wa mtaani walimwita Bi Giza, kwa sababu kabla ya kila onyesho alichungulia kwenye kile kitundu cha jicho akaita, "Giza!" na aliyekaa kwenye swichi akazima taa za ukumbi. Jina likamganda. Hata hospitalini, alipolazwa mara ya mwisho, nesi mmoja wa makamo alimtazama usoni akasema, "Huyu si Bi Giza? Huyu mama alinifanya nilale na taa mwaka mzima!"

Namwandika kwa sababu namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa sababu ya wiki zake tatu za mwisho, ambazo nusura niziharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyebaki na mdogo wake wa kumsomesha. Akaenda kuomba kazi ya kufagia ule ukumbi. Alifagia maganda ya karanga miezi minane, kisha siku moja yule mwanamume aliyeendesha mashine, ambaye kila mtu alimwita Fundi tu, akamwita juu amshikie mkanda uliokatika. Aliushika bila kutetemeka. Fundi akamwambia, "Binti, una mkono. Acha fagio." Tajiri mwenye ukumbi alikataa, akasema mwanamke atachoma jengo. Fundi akamjibu kwamba wanaume wawili waliomtangulia walishalichoma mara moja kila mmoja, kwa hiyo hata yeye apewe zamu yake.

Picha nzima ilikuja katika makopo sita ya bati, kila kopo na mkanda wake wa dakika kama ishirini. Mkanda wa kwanza ukielekea kuisha kwenye mashine ya kulia, wa pili unakuwa tayari kwenye ya kushoto. Ili mwendeshaji ajue saa ya kubadilisha, kidoa kidogo hutokea kwenye kona ya picha, juu, kufumba na kufumbua. Kidoa cha kwanza, unawasha mashine ya pili. Cha pili, unahamisha mwanga. Watu ukumbini hawakioni kamwe. Shangazi alikiona hata kwenye usingizi wake.

Mimi nilikua na mama mcha Mungu kweli kweli, na kwetu sinema ilitazamwa kwa jicho la pembeni. Picha za kutisha ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Niliamini shetani anaishi ndani ya ile mikanda kama panya kwenye gunia la mahindi. Nilipomwambia Shangazi hivyo, nikiwa nimeshaolewa, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shetani ana kazi nyingi, mwanangu. Hana muda wa kuzungusha mashine."

Ukumbi ulipofungwa ukageuzwa ghala la vitanda na makabati, alihamia kwangu na begi moja la nguo na sanduku moja la diski za picha za zamani, zile zisizo na rangi. Mchana, nikimaliza kazi na kuswali, alivuta mapazia ya sebuleni, akaniketisha, akaweka diski. Mwanzoni nilikaa kwa heshima tu, huku nikimtaja Mola kimoyomoyo. Yeye alikuwa na tabia ya kusimamisha picha katikati.

"Hapo umeogopa nini?"

"Mlango."

"Mlango umefanya nini?"

"Haujafanya kitu, Shangazi."

"Ehe! Mlango ungefanya kitu, wewe ungeshapona."

Akanifundisha kutazama. Alinionyesha jinsi wanavyomweka mtu upande mmoja wa picha na kuacha upande wa pili mtupu. "Ile nafasi ni kiti," alisema, "na wewe mwenyewe unamkalisha muuaji pale kabla hajaletwa." Alinionyesha taa ikiwekwa chini, ili kivuli cha mtu mfupi kipande ukutani mpaka darini. Mara nyingine alizima sauti na kurudisha pale nilipokuwa nimejificha nyuma ya mto. Tukatazama tena, kimya. Mwanamke anapanda ngazi. Basi.

"Kumbe anapanda ngazi tu," nikasema.

"Anapanda ngazi tu. Hofu inaingilia sikioni, jicho linakwenda kutoa ushahidi. Na sikiliza vizuri: muziki ukilia, bado una mlezi. Muziki ukikatika, mlezi ametoka nje."

Kuhusu paka alinionya mapema. Kila picha ina paka wake, au dirisha linalobamizwa, au jirani anayeingia bila hodi. "Wanakurushia paka kwanza. Unapiga ukelele, unacheka, unajiona mjinga, mabega yanashuka. Wao shida yao ni hayo mabega."

Na jambo moja alilirudia kuliko yote: "Kila picha ina kazi yake. Mtu akimimina chai, tumeona chai, twende. Ikikaa kuliko kazi yake, ikakodolea kikombe ambacho kimeshajaa, jua kuna jambo linakuja."

Lakini somo kubwa hakulipata kwa Fundi wala kwa mtu yeyote. Alilipata kwa kosa, na kosa hilo alilibeba miaka thelathini na moja.

Ilikuwa picha ya binti mshonaji aliyeitwa kwenye nyumba kubwa kushona mapazia. Mwenye nyumba ni mzee mpole mwenye ndevu nyeupe. Katika mkanda wa nne mshonaji na mzee wanakunywa chai, mzee anamsifia mshono, anamkaribisha mkate. Katika mkanda wa tano, ndipo tunamwona mzee peke yake jikoni, anasuuza kisu kirefu, anakifunika kwa kitambaa, anakilaza chini ya mkate ndani ya kikapu. Ndipo tunajua ni yeye.

Picha ilikuwa imeonyeshwa siku tatu, na ule mkanda wa nne ulikuwa mapumziko ya watu. Wakati wa chai ndio wakati wa kwenda msalani. Muuza karanga aliusubiri kama mkulima anavyosubiri mvua.

Siku ya nne, asubuhi, Shangazi aliona makopo yana vumbi. Hakuna aliyemtuma. Akayafuta yote sita kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ndani na nje, yakang'aa, akarudisha mifuniko. Namba ziliandikwa kwenye mifuniko tu. Mfuniko wa nne akauweka kwenye kopo la tano, na wa tano kwenye la nne. Onyesho la saa tisa lilipofika, mkono wake ukaamini mfuniko. Akautia mkanda wa tano kwenye mashine, na kidoa cha pili kilipotokea, Fundi akahamisha mwanga.

Mzee yuko jikoni. Kisu. Kitambaa. Kikapu.

Dakika ishirini Shangazi alikaa amejibana ukutani. Kisha ikaja ile chai. Mshonaji anakaa, anatabasamu, mzee anasogeza kikapu mezani. Ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja. Hakuna aliyekwenda msalani. Mzee anapapasa kitambaa, anasema jambo kuhusu mvua, anauondoa mkono. Anasogeza tena. Mwanamume mmoja akasimama juu ya kiti chake akapiga kelele, "Dada, usile huo mkate!" Mwingine akamwita, "We mshonaji! Chukua cherehani yako uondoke!" Mama mmoja alikuwa akilia kabisa, akimwomba binti wa watu asishushe macho. Na katika picha hakukuwa na kitu chochote isipokuwa watu wawili wanakunywa chai.

"Ilikuwa chai ileile," Shangazi alizoea kusema. "Jana yake walikuwa wanapiga miayo. Hawakuongezewa muziki, hawakuongezewa giza. Waliongezewa kujua. Wao wanajua, mshonaji hajui. Hapo ndipo roho inapotoka kifuani ikasimama kooni."

Picha ilipoisha, watu wawili waliosoma walikwenda kwa tajiri kulalamika kwamba mikanda imepinduliwa. Muuza karanga naye alikuja analia, beseni limejaa kama alivyokuja nalo. Tajiri akapanda ngazi zote kumi na saba bila kupumzika.

"Nani?"

Shangazi alifungua mdomo. Baba yangu alikuwa mwaka wa pili sekondari. Aliufikiria mwaka wa tatu na wa nne, mdomo ukabaki wazi bila neno.

"Mimi," akasema Fundi. Akachukua koti lake kwenye msumari, akashuka.

Mambo ya dunia: wiki iliyofuata watu walijaa mlangoni wakiuliza kama kuna "ile ya kisu kwanza". Tajiri akaamuru ionyeshwe kwa makosa yaleyale kila siku mpaka makopo yaliporudishwa. Alimpandisha Shangazi akawa mwendeshaji mkuu. Kumrudisha Fundi, kiburi kilimzuia, na Shangazi hakusema.

Kila mwaka alisema mwaka huu atakwenda kumwomba Fundi radhi. Alijua alipo, alikuwa akitengeneza cherehani nyuma ya soko. Kila mwaka alipata udhuru. "Kwani tunakimbizwa?" alisema. "Nitakwenda tu."

Basi, tuje kwenye hizo wiki tatu.

Daktari alituita mimi na kaka yangu kwenye korido. Alisema ugonjwa umeshafika kwenye ini, na kwamba tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Kaka yangu ni mtu mwenye mwili mkubwa na moyo laini kama tambi. Alijifuta uso kwa mikono yote miwili, akasema, "Asiambiwe."

"Shangazi si mtoto."

"Utamwambia, halafu iwe nini? Atakufa kabla hajafa. Tumchekeshe, tumpe anachotaka, aende kwa amani."

Nilikubali. Nilijiambia ni huruma. Kwenye sala nilimwomba Mungu amjaalie mwisho mwema, na kila nilipoomba nilimkumbuka Fundi, nikanyamaza hata mbele za Mungu.

Siku ya nne baada ya kumrudisha nyumbani, saa nne asubuhi, nilimpelekea chai sebuleni. Alikuwa amelala kwenye kochi, mito mitatu mgongoni.

"Weka hapo."

Nikaweka.

"Haya, nenda."

"Naenda, Shangazi."

"Huendi. Umesimama." Alinitazama muda mrefu. "Tangu tumetoka hospitali unaleta chai, unasimama. Zamani ulikuwa unatua kikombe kama unatua mzigo, unakimbilia sufuria zako. Kikombe kimeshajaa, mwanangu. Mbona picha haiondoki?"

"Nakuangalia tu kama unahitaji kitu."

"Redio iko wapi? Nyumba hii haijawahi kuamka bila redio. Muziki umekatika. Na kaka yako jana amenichekesha mara tatu kabla hajavua viatu. Yule si kaka yako tena, yule ni paka. Mmenirushia paka mnene."

Nilitaka kucheka. Badala yake machozi yakanitoka.

"Haya," akasema taratibu. "Kidoa cha kwanza nimeshakiona. Kwa hiyo mimi ndiye mshonaji, na ninyi mko ukumbini."

"Kaka alisema..."

"Sikiliza. Ukumbi wangu ulikuwa wa watu wa kila aina. Walevi, wala karanga, watu wasiolipa. Lakini hakuna hata mmoja aliyemwona binti wa watu anakwenda kwenye kisu akanyamaza kwa adabu. Hata wasiojua kusoma walisimama juu ya viti. Wewe umesoma, unaswali, unanipenda. Mbona hupigi kelele?"

Nilipiga magoti pale chini, nikashika mkono wake, nikamwambia yote, hata lile neno la wiki. Akanywa chai funda moja.

"Sukari imezidi," akasema. Kisha: "Nitafutie Fundi."

Nilikwenda mchana uleule. Kumbe ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kibanda chake kilikuwa na cherehani kumi na mbili zimepangwa sakafuni, na yeye katikati, miwani mizito, bisibisi mdomoni. Nilijitambulisha kwamba ni mtoto wa mdogo wake Bi Giza. Akatoa bisibisi.

"Yule aliyekuwa anasomeshwa?"

"Ndiye baba yangu. Alishatangulia mbele ya haki."

"Alimaliza?"

"Alimaliza. Akawa mwalimu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea barua yake. Nikamweleza hali. Alisema miguu yake haimtii siku hizi, mtoto wake mwenye gari atamleta Alhamisi.

Kaka aliposikia nimesema, alinipigia simu akafoka, kisha akaja na kukuta Shangazi anataka nguo zake zigawanywe mbele ya macho yake, ili aone nani atanuna. Kaka alikaa kwenye kiti cha plastiki akilia. Shangazi akamwambia, "Lia vizuri, huo ndio ukumbi. Ila usikivunje kiti."

Jumatano hakuweza kula. Jioni alianza kusema maneno yasiyoungana. Nilihesabu saa mpaka Alhamisi kama nilivyowahi kuhesabu hatua za yule mwanamke ngazini, na hakuna aliyeweza kunizimia sauti. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, na safari hii nililitaja kwa jina.

Alhamisi baada ya adhuhuri gari lilisimama. Fundi alishuka kwa fimbo, amevaa koti. Sijui kama ni lile la msumarini, lakini lilikuwa la zamani. Alifika mlangoni, akatazama sebule yenye mapazia yaliyofungwa, akaita kwa sauti ya kukwaruza, "Giza!"

Shangazi akafumbua macho. "Umechelewa kuzima taa."

"Nimechelewa miaka mingapi?"

"Thelathini na moja." Akajaribu kukaa, nikamshika. "Fundi, ile mifuniko niliipindua mimi. Nilikuwa nafuta vumbi. Nikakuacha ushuke ngazi. Naomba radhi, kwa ajili ya Mungu."

Fundi alikaa kwanza. Alichukua muda wake wote.

"Binti, picha ya kwanza tu nilijua. Nilimwona mzee yuko jikoni, nikajua ni wa tano. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Ningezima, tungesema mkanda umekatika, watu wangepiga miluzi dakika mbili, tukaweka wa nne. Mbona hukujiuliza kwa nini sikuzima?"

Shangazi akamgeukia, naye akaendelea.

"Nilichungulia kitunduni nione wamekasirika kiasi gani. Nikaona watu mia tatu wameacha kutafuna. Maisha yangu yote nilikuwa naonyeshwa visogo vyao wakitoka kwenda msalani. Nikautoa mkono kwenye swichi. Kwa hiyo kosa lako lilikuwa la dakika moja. Zilizobaki zote ni zangu. Tajiri alipouliza nani, sikukusitiri. Nilisema kweli."

Halafu Shangazi akaanza kutikisika, nikadhani anapata maumivu, kumbe anacheka.

"Wewe mzee! Miaka yote hiyo nimebeba mzigo wa mtu!"

"Ungeuleta ningeupokea. Si mbali."

"Na radhi?"

"Nimekupa tangu siku ile. Nawe nipe yangu. Nilikuona umejibana ukutani unatetemeka, ningekwambia palepale kwamba nimeipenda. Nikaona raha ya mwisho niimalize peke yangu."

Akampa. Wakaanza kumsema tajiri, Mungu amrehemu, na muuza karanga, ambaye Fundi alisema mpaka leo akipita kibandani hamsalimii. Nilikwenda kuwaletea chai. Nilitua vikombe, nikaondoka.

Shangazi alifariki Jumatatu asubuhi, tukiwa tumemzunguka, redio imewashwa kwa sauti ya chini kwa amri yake. Alijua saa inakaribia, na alikuwa ameshamaliza kusema aliyotaka kusema. Kwa hilo namshukuru Mwenyezi Mungu kila ninapotua kikombe mezani. Namshukuru pia kwa ile kazi ya chumba chenye joto, iliyomsomesha baba yangu, nami nikasoma kwa mshahara wa baba. Nilikuwa nikiiona ni kazi ya shetani, kumbe ndiyo iliyonifundisha wajibu wa mtu anayejua.

Tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini, kaka yangu alitembea kando yangu. Karibu na nyumbani akanishika bega.

"Mimi siku yangu ikifika," akasema, "na ukajua kabla yangu, usinichekeshe."

"Nitasimama juu ya kiti," nikamwambia.

"Cha mbao," akasema. "Kile cha plastiki nimeshakivunja."